Mama Pindo na Ngozi ya Kuazima

Asubuhi ile, jamani, nyumba ya Mama Pindo ilikuwa imetulia. Yeye, fundi wa nguo, alikuwa akikanyaga cherehani; mumewe, dereva mstaafu, akipiga pasi nguo za wateja huku akiimba vibaya. Mara mteja akaingia, akakunja pua: "Kuna panya amekufa humu?"

Hapakuwa na panya. Palikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa Mama Pindo, kilichogoma kupona tangu mwaka uliopita. Alikificha kwa sketi ndefu na manukato mengi mpaka mbu wakahama. Mumewe alijua. Watoto walijua. Wote walinyamaza kwa kumstahi, na kimya chao, msomaji wangu, ndicho kilichokuwa kikiumaliza mguu.

Mteja alipoondoka, mume alizima pasi. "Mama watoto, twende hospitali."

"Nina gauni la kumalizia."

"Gauni litasubiri. Mguu hausubiri."

Daktari alipima mishipa ya damu, akasafisha nyama iliyokufa, akasema wazi: hali ikiendelea hivi, mguu unaweza kukatwa. Alishauri wapandikize ngozi iliyotolewa na mtu aliyefariki, kwa ridhaa aliyoiacha akiwa hai, ikapimwa na kuhifadhiwa.

"Marehemu anishike mguu!" Mama Pindo akaruka. "Akija kuudai je?"

"Hadai, mama. Wala ngozi yake haitakaa daima. Itafunika kidonda wakati yako inaota polepole kutoka pembeni. Ikimaliza kazi, inaondoka."

Mama Pindo akatafakari, kisha uso ukamkunjuka. "Kumbe ni kushikiza! Unapiga mishono ya muda nguo isikimbie, ukishashona vizuri unaifumua."

"Hivyo hivyo."

"Basi shikiza, mwanangu."

Alipokwisha kupandikizwa, alionywa asifungue bendeji wala kukanyaga cherehani. Lakini Mama Pindo hajawahi kupokea kazi ya fundi mwingine bila kuigeuza ndani akague mshono! Siku chache baadaye, mumewe akiwa sokoni, akafungua "achungulie tu." Ngozi ikatoka pamoja na bendeji.

Mume alimkuta analia. "Mtu kanipa ngozi yake, mimi nimeibandua kama lebo!"

Hakumgombeza. Alifunika mguu kwa kitambaa safi, wakarudi hospitali. Kwa bahati, ngozi nyingine ilipatikana. Safari hii mume aliuvua mkanda wa cherehani, akautia mfukoni, akawa analala nao.

"Mkono huo!" alisema kila mara.

"Najikuna goti!"

"Goti liko juu zaidi, mama."

Kidonda kikapungua, kikawa kama kifungo cha shati, kikafunga. Siku hiyo mume alirudisha mkanda. Mama Pindo hakuanza kushona. Alipapasa ngozi yake changa.

"Sitamjua kamwe aliyenisaidia," alisema. "Baba watoto, ukitangulia, ngozi yako nitawapa hospitali."

"Hii yenye mikunjo?"

"Nitaipiga pasi."

Mzee akacheka, akamshika mkono. "Na yako?"

"Yangu pia. Ila mwambieni atakayepewa asifungue bendeji."

FUNZO

Ndugu zangu, kidonda kisichopona si aibu; ni ugonjwa, na kina matibabu. Ukiwa nacho, nenda hospitali mapema, na ukishatibiwa, fuata maagizo hata kama vidole vinakuwasha. Ukimwona mwenzako anaficha, usimstahi mpaka akatwe mguu: mwambie kwa upole, kisha mwende pamoja. Na habari ya kutoa ngozi tuizungumze nyumbani tungali hai. Baadaye hatutapata nafasi ya kuchangia mada.