Dakika Tatu za Tahadhari

Siku ya tatu ya Ramadhani, Mokrane aliacha kujibu redio.

"Mwewe Mbili, jibu."

Kituo kiliita mara tatu.

Walimkuta askari huyo amekufa korongoni, kusini mwa mji wa jangwani wa Djanet. Bunduki yake ilielekea mashariki. Risasi zilitoka magharibi.

Ripoti ikasema mtambo wa antena ulikosea. Tahar Ouali, jasusi aliyempigia Mokrane hesabu za kumwelekeza pale, akatia sahihi. Kila jioni mjane wa Mokrane, Ouardia, alimwita kufuturu. Tahar alikunywa chorba, supu yake ya futari, bila kumtazama usoni.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Wale wasafirisha magendo, wenye makombora ya kudungua ndege, walizima redio kila magharibi wafuturu. Mwezi Machi, kila digrii moja kuelekea mashariki, jua hutangulia kuzama kwa dakika nne. Tahar alitafuta tofauti kati ya kimya chao na futari ya Algiers, akagawa kwa nne, akachora mstari wa kaskazini hadi kusini. Antena ya Djanet, iliyonasa mwelekeo wa redio zao, ilimpa mstari wa pili. Ilipokatana, hapo ndipo walipo.

Ila saa ya Algiers aliinakili kutoka ratiba ya futari ya ukutani. Ratiba huongeza dakika tatu za tahadhari, mtu asije akafungua kabla ya wakati. Watu wa jangwani hutazama jua lenyewe.

Alizijua dakika hizo tangu utotoni. Mama yake alimchapa vidole kwa ajili yazo, mkono ukiwa kwenye tende.

Dakika tatu ni robo tatu ya digrii: kosa la kilomita sabini na sita kuelekea mashariki.

Ramadhani ishirini. Helikopta ya Mi-17 ilikuwa angani, Tahar na ramani magotini. Redio za magendo zikanyamaza.

"Mwalimu," rubani Akli akamtania Tahar, "leo tena tutapigwa mgongoni?"

"Nimeziondoa zile dakika tatu. Geuza kulia."

Waliwakuta na tende mdomoni. Makombora tisa, chini ya magunia ya unga. Tahar akamwelekezea mkubwa wao bastola yake ya Makarov.

"Hata futari hatujamaliza, ndugu."

"Mwenzangu naye hakuimaliza."

Simu ya setilaiti ikalia. Kanali Zohra, mkuu wake, alimsifu: hesabu zake hazikosei.

"Zilikosea, kanali. Mtambo ulikuwa sahihi. Zile dakika tatu nilizisahau mimi."

Kanali akamwonya: "Ukiandika hivyo, kazi huna."

"Naandika."

Alirudisha bastola alani, akaondoka polepole kuelekea helikopta.

Ouardia ameisoma ripoti mpya. Bakuli la Tahar haliwekwi tena mezani kwake.