Harusi Haiwekwi Dhamana

"Nitumie ile milioni mbili yako sasa hivi. Tukichelewa wananifungia."

Mchumba wangu, Mwalimu, alikuwa amesimama kwenye geti la saiti, tai imepinda, simu mkononi, saa nne asubuhi, wakati alitakiwa awe darasani anafundisha hesabu. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye kreni kunywa chai. Ndiyo, kreni. Naiendesha mimi, mwanamke peke yangu pale saiti, na asiyependa shauri yake.

Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki tatu, na kila mmoja alikuwa ameweka milioni mbili. Nikamwuliza zangu za nini. Akanieleza mbio mbio kwamba ameingia kwenye fyucha za bitkoini. Hununui hiyo sarafu ya mtandaoni yenyewe, unabashiri tu bei itapanda au itashuka. Unaweka dhamana yako, soko linakukopesha juu yake, faida inazidishwa. Yeye kaweka milioni mbili zote, kazidisha mara ishirini, kabashiri inapanda. Juzi alijaribu na hela ndogo, akashinda, kichwa kikavimba. Leo bei inashuka, sasa anataka zangu ziongeze dhamana, la sivyo soko linamfungia biashara na hela zinaliwa.

Nikaweka kikombe chini. Kazini kwangu sinyanyui hata tofali moja kabla sijajua mashine itapindukia wapi.

"Bei ikishuka kiasi gani wanakufungia?"

Akainamia simu yake.

"Mwalimu, nakuuliza wewe."

"Sijaangalia."

"Mwalimu mzima wa hesabu hujaangalia?"

Tukapiga hesabu pale pale kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Mara ishirini maana yake bei ikishuka asilimia tano tu, dhamana yote imekwenda na maji. Ilikuwa imeshuka tatu. Zimebaki laki nane, akasema kwa sauti ndogo. Nikamwambia aifunge biashara mwenyewe, azichukue hizo hizo.

"Nikifunga nimeikubali hasara. Ukiniongezea, inaweza kupanda. Au hunipendi?"

Hapo alinikoroga kweli.

"Nakupenda, ndiyo maana sitoi. Nikikupa hizi, harusi nzima itakuwa inaning'inia na wewe hujui kamba itashika au itakatika. Funga, au harusi hakuna."

Akaondoka bila kuaga. Nikarudi juu kwenye kreni nalia, sifichi. Saa sita ujumbe ukaingia:

"Nimefunga. Imerudi laki nane kasoro kidogo. Jioni nakuja kwa mama yako, nitasema mwenyewe. Usinisaidie."

Jioni akaketi sebuleni mbele ya mama na kaka yangu. Nilitamani kumsemea, nikaung'ata ulimi.

"Mama, nimepoteza zaidi ya milioni ya harusi. Sikuibiwa. Niliingia mwenyewe kwenye fyucha za bitkoini, kitu nisichokielewa, tena nikataka nimwingize na binti yako."

Kaka, mwenye mdomo wake, alikuwa tayari anaangalia bei kwenye simu.

"Shemeji, mbona mchana imepanda? Ungevumilia kidogo tu ungetoka na faida."

Nikamkazia macho Mwalimu, maana ndoa yangu ilikuwa kwenye jibu lile. Akinilaumu hapa, nimekwisha.

"Imepanda, ndiyo," akasema. "Lakini saa nne mimi sikujua kama itapanda, na wewe hukujua. Nilikuwa nabahatisha na harusi ya dada yako. Hata ingepanda mpaka mbinguni, yeye ndiye alikuwa sahihi."

Jamani, nilijisikia mrefu kuliko nikiwa juu ya kreni.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Baba yao niliishi naye miaka thelathini, sikuwahi kumsikia akisema amekosea. Ukumbi futeni, mwanangu. Ndoa mtafungia hapa hapa uani."

Tukafungia uani kweli, wageni hamsini, viti vya kuazima, na mimi nang'aa kama nini. Rafiki yake mmoja wa shuleni kwake akamvuta mume wangu pembeni, akamnong'oneza amfundishe fyucha, eti na yeye ana akiba yake ya nyumba. Mume wangu akanionyesha kwa kidole, bila aibu yoyote.

"Anza kwa mke wangu. Akikuuliza lile swali lake la bei ikishuka na ukalijibu, ndipo uje kwangu."

Nikakusanya shela langu, nikavuta kiti, nikamwambia bwana yule akae.