Nyasi za Njano

Kila jioni Thilaga alikuwa na kazi moja: kujaza kapu la nyasi mbichi kwa ajili ya biwi la mboji. Mama yake, Selvamani, akirudi kutoka kuchuma chai, alizitandaza nyasi hizo, akaweka maganda ya viazi, samadi na jivu la mekoni, kisha akanyunyiza maji. Katikati ya biwi alichomeka kijiti. Asubuhi alikichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto alisema, "Linaiva," na siku hiyo alienda kazini akiimba.

Biwi lilikuwa nyuma ya chumba chao kwenye laini, safu ya vyumba vya wachuma chai, kando ya kibustani cha upana wa mikeka minne. Ardhi ilikuwa ya kampuni. Babu zetu ndio walioupanda chai mlima mzima ule, na hakuna aliyeachiwa hata pa kuzikiwa. Sheria ya kampuni ilikuwa hii: karani akikuta bustani tupu, inachukuliwa na kupandwa chai.

Nyasi nzuri zilikuwa mtoni, kwenye mteremko mkali wenye ruba. Jioni moja Thilaga alichoka. Alipita shamba namba saba, akaona nyasi za njano, nyepesi, zimelala zenyewe. Siku mbili kabla alikuwa amewaona wanaume wa mabomba ya dawa ya magugu hapohapo. Hakukuwekwa kibao wala alama. Akajaza kapu kwa dakika chache. Kesho yake akarudi, na wiki nzima ikawa hivyo.

"Mbona za njano?" mama yake aliuliza.

"Jua, Amma. Za mtoni zimekauka."

Baada ya miezi mitatu mboji ilikuwa tayari. Selvamani aliisambaza, akapanda maharagwe. Yalichipua yamejikunja kama vidole vya mgonjwa, kisha yakafa. Karani angekuja baada ya wiki mbili.

Selvamani hakutafuta mbali. Alikuwa amegombana na jirani yake, Kanagamma, kwenye bomba la maji.

"Umemwaga maji ya chumvi kwenye bustani yangu!"

"Chumvi?" Kanagamma alicheka kwa uchungu. "Chumvi ninayoipima kwa ncha ya kidole, nikamwagie maharagwe yako? Dada, jua limekupiga kichwani!"

"Basi njoo hekaluni uzime kafuri!"

Laini nzima ilitoka milangoni. Kwetu watu huamini kwamba anayeizima kafuri inayowaka kwa kiganja huku akiapa uongo, nyumba yake itateketea. Na hata msema kweli, watu wakishamwona akiapa, hawamsahau. Kanagamma alikuwa na binti wa kuozwa.

Walikwenda wote. Kafuri iliwashwa juu ya jiwe. Kanagamma alifuta machozi kwa upindo wa sari, akainua mkono. Thilaga alijipenyeza mbele ya watu.

"Usizime, Mama Mkubwa!" alipiga kelele. "Ni mimi! Nyasi nilizitoa namba saba, walikopiga dawa!"

Selvamani alimshika sikio, akamwachia, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Aliogopa kumtazama jirani yake.

"Nimekukosea," alisema mwishowe.

"Umenikosea mbele ya watu. Utaniomba radhi mbele ya watu hawahawa."

Akaomba, huku wengine wakichekea viganjani. Wanaofundishwa kugombana wenyewe kwa wenyewe hucheka haraka.

Siku tatu mama na mtoto walikwangua ile mboji na udongo ulioigusa, wakaubeba hadi kwenye korongo tupu. Siku ya nne Kanagamma alileta makapu matatu ya mboji yake, nyeusi, yenye nyungunyungu. Hakutabasamu. Walipanda upya, na karani alipofika alikuta mistari miwili ya majani mabichi. Aliandika kitu, akaondoka bila hata kusema habari.

Thilaga alikwenda mlangoni kwa Kanagamma. "Mama Mkubwa, nisamehe."

"Kaa hapa." Kanagamma alichana sari yake kuukuu nyekundu vipande vipande. "Kampuni ilipiga dawa ikanyamaza. Mume wangu alibeba bomba lile mgongoni miaka kumi na minne, hakuna aliyemwambia avae kitu mdomoni, mpaka tukamzika. Siwashangai wao kunyamaza. Nakushangaa wewe. Uliijua dawa, ukanidhalilisha miye kwa kunyamaza kwako."

Alimtia vitambaa mkononi.

"Kila wakipiga dawa, kafunge kimoja mtini, kiwe alama kwa watu. Wakikitoa, funga kingine. Kazi ngumu uliikimbia mara moja, umeona tulivyoilipia sote. Na ukijua jambo linaloweza kuua, hata maharagwe tu, sema siku hiyohiyo. Dawa ile haikuwa na kibao, mwanangu. Wewe ulikuwa na mdomo."