Viriba Vilivyooza Kabla ya Mizizi

Mwili wa Nsajigwa, mtafiti wa plastiki, ulikutwa bandani kwake Bujonde, umelala kifudifudi kando ya mashine ya kuchanganyia. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Chini ya meza kulikuwa na mchi wa chuma wenye damu na nywele.

Inspekta Beatrice alichuchumaa, magoti yakamuuma. Sare yake ilikuwa haijakauka tangu mvua zianze.

"Ni Badru tu, afande," alisema Koplo Yakobo. "Yule mfanyabiashara wa Bondeni. Tangu biashara ya mpakani ifunguliwe, analeta viriba vya nailoni vya kuoteshea miche kutoka Malawi. Marehemu alikuwa anamharibia soko."

Marehemu alitengeneza viriba vya miche ya kakao kwa wanga wa muhogo, akiuchanganya na udongo mfinyanzi wenye chembe ndogo mno, zisizoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Chembe hizo ziliuzuia wanga usilainike upesi kwa maji. Mkulima alipanda mche pamoja na kiriba chake; mizizi ikishashika, kiriba kinaoza chenyewe ardhini.

Badru alihojiwa dukani kwake.

"Ulimchukia?"

"Nilimwogopa, afande. Vyake vikifaulu, vyangu nitamuuzia nani? Lakini jana nililala Karonga, msibani kwa shemeji. Muulize afisa wa mpakani."

Afisa wa mpakani alithibitisha. Beatrice alirudi Bujonde akiwa hoi. Mjane, Naomi, alimpokea mlangoni.

"Pole, mama. Kuna kilichopotea?"

"Gunia la viriba vilivyopasuka. Alikuwa amevikusanya kwa wakulima."

Beatrice alitazama rafu. Viriba vizima, vile vya kumtisha Badru, vilikuwa vimejaa. Muuaji hakuvigusa. Alibeba vibovu tu.

"Hivyo vibovu alivitengeneza nani?"

"Godlove, fundi wake. Mtoto wa Mzee Anyisile, mkulima wa hapa kijijini."

Gunia lilikutwa uvunguni mwa kitanda cha Godlove, pamoja na shati lenye damu. Kituoni, Beatrice aliweka kiriba kimoja mezani.

"Haya madonge meupe ni nini?"

"Udongo, afande. Sikuukausha vizuri. Ukiwa na unyevu hausambai, unashikana. Kiriba kinapasuka mche ukimwagiliwa tu, mizizi inabaki nje."

"Kwa nini hukuukausha?"

"Kuni zilikuwa mbichi. Nilichoka kusubiri."

"Nsajigwa akakufukuza kazi?"

"Hapana." Godlove aliinamisha kichwa. "Baba aliacha mpunga msimu huu, nguvu zote akazipeleka kwenye miche ya kakao ya viriba hivi. Ikafa yote. Watu wakamwita mvivu, eti hakumwagilia. Hata mimi nilimwambia tukiwa tunakula: 'Labda kweli, baba.' Tangu siku hiyo haendi hata kanisani."

"Endelea."

"Nsajigwa alipogundua kosa langu, akasema, 'Nenda ukamwambie baba yako. Usipokwenda, nitakwenda mimi.' Akageuka kuchukua gunia. Mchi ulikuwa karibu yangu."

Beatrice alimaliza kuandika maelezo. Godlove akatia saini.

"Baba yako yuko nje. Amekuletea chakula."

"Anajua?"

"Anajua umeua. Sababu haijui."

"Mwambie wewe, afande. Nakuomba."

Beatrice alijifuta uso kwa kiganja, akafungua mlango. Mzee Anyisile aliingia na bakuli lililofunikwa kitambaa, akaliweka mezani bila kumtazama mwanawe.

"Kula," alisema.

Godlove hakuligusa.

"Baba," alisema, "ulimwagilia."