Geti la Uchochoro wa Bustani

Asubuhi ile geti halikuwepo.

Uchochoro ulikuwa pale pale, kati ya ukuta wa ghala la kahawa na uzio wa bustani ya mji. Lakini geti la chuma lililosimikwa juma lililopita, lenye rangi ya kijani na maandishi meupe NJIA IMEFUNGWA KWA AMRI YA BARAZA, lilikuwa limetoweka pamoja na nguzo zake mbili.

Inspekta Apolinary Rweyemamu alisimama akiangalia ardhi. Nyuma yake wanawake waliokuwa wakienda sokoni na vikapu vya ndizi kichwani walipita uchochoroni bila kugeuka, kama watu waliorudishiwa kitu chao. Mmoja tu ndiye aliyesimama.

"Afande, mwizi huyo mkimpata mtuambie," alisema. "Tumpelekee chakula."

Wenzake wakacheka. Apolinary naye alitamani kucheka, ila sare ilimzuia.

Ilikuwa katikati ya Oktoba, mwaka wa 1968. Baraza la mji wa Bukoba lilitaka bustani ing'are kabla ya sherehe za Uhuru. Likapitisha masharti: hakuna kukaa kwenye majani, hakuna kupita na mizigo, na uchochoro ule, ambao watu waliutumia tangu zamani, ufungwe. Sasa mlinzi wa baraza, Lukmani, alikuwa mahabusu. Ofisa mmoja wa baraza alikuwa ameshasema wazi: geti lisipopatikana, Lukmani hana kazi, na asiye na kazi anahama nyumba ya baraza. Mkewe Asha alikuwa na mimba kubwa.

"Mlinzi amemuuzia mtu wa vyuma chakavu," alisema Sajini Omary. "Hata sihitaji kahawa kulifikiria hili."

"Nguzo zilisimama wapi?"

"Hapa na hapa. Saruji ilikuwa haijafika, zilishindiliwa kwa mawe tu. Mtu mmoja mwenye nguvu anazing'oa."

"Mashimo yako wapi basi?"

Omary akatazama chini. Mashimo hayakuwepo. Mahali pa nguzo udongo ulikuwa umerudishwa na kukanyagwa vizuri, hata mawe madogo yamepangwa juu yake. Kutoka hapo alama ya gurudumu moja, la toroli, ilielekea barabarani ikapotea katika nyayo za watu.

"Fukua," alisema Apolinary.

Omary alifukua kwa koleo. Halikwenda mbali. Liligonga kitu laini, chenye maji. Akakitoa: kipande cha shina la mgomba, kibichi, kilicholazwa kwa uangalifu. Katika shimo la pili kulikuwa na kingine.

"Huyu ni mwizi mkulima," alisema Omary. "Kaiba chuma, kapanda ndizi."

Apolinary alivua kofia, akaishika mkononi muda kidogo, halafu akaivaa tena. Kwao Kishanda, upande wa Muleba, alikozaliwa na kukulia, alikuwa ameona jambo hilo mara nyingi. Shimo lililochimbwa jirani na kaburi haliachwi tupu, wala halifukiwi udongo mtupu. Wazee walisema shimo tupu mahali kama hapo linangoja mtu. Basi hulazwa humo kipande cha mgomba, ndipo hufukiwa, na watu huenda zao wakiwa na amani.

Alitazama huku na huku. Ukuta, uzio, na pembeni mwa uchochoro mmea mmoja mrefu wa mulamula, ule ambao Wahaya huupanda kuonyesha mpaka wa kibanja, shamba la nyumbani. Chini yake palikuwa na fungu dogo la majani mabichi, yaliyokatwa karibuni.

Hapakuwa na kaburi lolote.

*

Lukmani aliletwa akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi. Babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, naye mwenyewe alizaliwa Bukoba na hakukujua kwingine.

"Ulikuwa wapi usiku?"

"Lindoni, afande."

"Lindoni wapi?"

"Getini."

"Geti likaondoka wewe ukiwa umesimama?"

Lukmani alitazama viatu vyake.

"Lukmani, hilo lililonasa kwenye sweta yako ni nini?"

Lukmani alijitazama. Ubavuni palikuwa na bawa jembamba la kijani, la panzi. Akalitoa kwa vidole viwili, akaliweka mezani taratibu, kama anayekabidhi kielelezo.

"Senene," alisema.

"Walianguka wapi?"

"Kwenye taa za barabara ya bandarini. Wa kwanza mwaka huu, afande, na wamekuja mapema. Mji mzima ulikuwa kule na magunia. Na Asha, katika hali yake, hana anachotamani ila senene. Nikasema naenda mara moja."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Ningesema nimeacha lindo? Hiyo nayo ni kufukuzwa. Nikaona afadhali ninyamaze, labda geti litarudi."

Omary alikohoa. Usiku ule naye alikuwa chini ya taa hizo hizo, na Apolinary alilijua hilo.

"Ukiwa katika lindo lako, nani alikuwa akija pale mulamula?"

Lukmani alifikiri. "Mama mmoja mzee. Jioni, akitoka sokoni. Anapumzika kidogo, halafu anaendelea na safari. Lilipofungwa geti alikuja akasimama nje. Nilimwambia, mama, ni amri. Hakubishana. Alishika vile vyuma tu. Kesho yake akaja tena na mwanawe, yule diwani."

"Diwani gani?"

"Ndugu Datius Kamugisha. Mwenye geti lake."

Ndivyo mji ulivyomwita. Datius ndiye aliyesimama barazani akatoa hoja ya kufunga uchochoro. Alisema mji wa nchi huru hauwezi kupitwa katikati na njia ya mbuzi. Watu walimpigia makofi. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekuja kituoni, wote wakidhani amekuja kulia kuhusu geti lake. Hakuuliza habari za geti hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu: "Huyu Lukmani, ni lazima alale ndani?"

Apolinary alisimama, akachukua kofia yake.

"Afande," alisema Lukmani, "Asha ameambiwa ahame?"

"Bado."

"Basi harakisha, tafadhali."

*

Nyumbani kwa kina Kamugisha kulikuwa Nshambya, kibanja kidogo cha migomba na mibuni kinachotazama ziwa kwa mbali. Mama mwenyewe, Benigna, alimkaribisha Apolinary kwa Kihaya, akamkalisha juu ya majani mapya yaliyotandazwa sakafuni, akamletea punje za kahawa kavu za kutafuna. Apolinary alipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umetoka kwa nani?"

"Kwa Rweyemamu, mawe," alijibu, akimwita mama kwa Kihaya. "Kishanda."

"Huko ni kwa watu wema. Umekuja kwa lipi?"

"Nauliza habari za zamani. Pale penye bustani ya mji palikuwa kibanja cha nani?"

Bibi Benigna alitafuna taratibu kabla ya kujibu. "Cha mume wangu. Serikali ya Waingereza ilipotaka kupanua mji ilitutoa, tukaja huku. Uchochoro ule ndio ulikuwa njia yetu ya kuingilia nyumbani."

"Na makaburi?"

"Wazee walihamishwa. Padri alikuja, kila mmoja akatajwa."

"Kila mmoja?"

Bibi Benigna alimsogezea punje nyingine za kahawa. Nje, kuku walichakura kwenye matandazo ya migomba.

"Wewe umelelewa vizuri," alisema. "Kwa hiyo unajua kuna mengine hayaulizwi."

Apolinary hakuuliza tena. Aliomba ruhusa aone kibanja, naye akaruhusiwa. Alitembea polepole kati ya migomba. Karibu na mpaka alikuta kisiki kibichi, maji bado yakichuruzika. Ulikuwa mgomba mchanga, haujatoa hata mkungu mmoja. Hakuna Mhaya anayekata mgomba ambao haujazaa, isipokuwa mkono wake una haraka na giza limemfunga macho. Hatua chache kutoka hapo matandazo makavu yalikuwa yameinuka kuliko kwingine. Aliyasukuma kwa mguu. Akaona rangi ya kijani, kisha herufi nyeupe.

Alipogeuka, Datius alikuwa amesimama nyuma yake, baiskeli mkononi, shati la ofisini limelowa jasho la kupanda kilima. Bibi Benigna alikuwa amefika mlangoni, akiwatazama.

"Umeona," alisema Datius.

"Nimeona. Ndugu Diwani, huna lazima ya kusema lolote. Ukisema, litaandikwa na litatumika kama ushahidi."

"Andika."

"Ni wewe uliyeng'oa geti?"

"Ni mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Na toroli. Watu walikuwa kwenye senene. Nililifunika kwa magunia, na niliokutana nao walidhani nimebeba senene."

"Mashimo uliyafunika kwa nini?"

"Ningeyaacha wazi? Pale?"

"Pale kuna nini?"

Datius alimtazama mama yake. Apolinary alijua kwamba jibu lilikuwa karibu, na kwamba halikuwa la Datius kulitoa.

"Mawe," Datius alimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "nimekuahidi sitatamka."

"Basi usitamke," alijibu mama.

"Mama," alisema Apolinary, "kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya geti hili. Mlinzi. Mke wake ni mjamzito, na baraza linataka kuwatoa kwenye nyumba."

Bibi Benigna aligeuka, akamtazama mwanawe.

"Hukuniambia hilo."

"Nilidhani wangemwachia asubuhi."

"Mjamzito," alirudia mama. Alikaa kizingitini. Aliponyanyua uso, alizungumza na Apolinary, si na mwanawe.

"Mtoto akifa kabla hajapewa jina, kwetu halii mtu. Hatajwi, ili asiwaite wadogo zake. Wangu alikaa siku chache. Nilimlaza mwenyewe chini ya mulamula, baba yake akichimba. Padri alipokuja kuhamisha wazee, kila mmoja aliitwa kwa jina. Yeye angeitwa nani? Akabaki. Kwa hiyo kila nikitoka sokoni napita, namwekea majani. Siombi zaidi ya hapo. Napita tu."

Ndege mmoja alilia migombani akanyamaza.

"Maisha yangu yote naitwa kifungua mimba," alisema Datius. "Barazani nimesimama kwa kiburi hicho. Juma lililopita mama ananipeleka mbele ya geti nililolitolea hoja mwenyewe, ananiambia, humo ndani yumo mkubwa wako. Na Siku ya Marehemu inakuja. Afande, azimio likipitishwa halirudi mezani mpaka mwaka upite, ila kwa sababu nzito. Sababu ninayo, nzito kuliko zote, na nimekatazwa kuitaja. Ningefanya nini?"

"Ungemtoa Lukmani."

Datius aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Hapo sina la kujitetea. Nilikwenda kituoni asubuhi, nikauliza swali la mwoga, nikarudi. Hilo liandike kwanza, kabla ya geti."

Apolinary aliandika. Mkono wake haukwenda haraka. Aliifikiria sheria, aliyoipenda kwa moyo wote tangu alipokula kiapo, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba watu wote waliokuwa mbele yake waliipenda pia, kila mmoja kwa namna yake, na bado ilikuwa imewaumiza.

"Sababu ya kosa?" aliuliza, kwa kuwa ilibidi kuuliza.

Datius alifikiri. "Andika kwamba nilimfungia kaka yangu mlango, nikataka kuufungua."

Bibi Benigna aliinuka, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Twendeni," alisema.

"Wewe ubaki, mawe," alisema Datius.

"Huyo mlinzi amefungwa kwa kunyamaza kwangu. Nitasema mwenyewe, kituoni kwa afande, na huko barazani kwako. Nilinyamaza ili wanangu wasife. Umeshakua mzee sasa, Datius, unaota mvi. Hawezi kukuita tena."

*

Lukmani alitoka mahabusu jioni hiyo. Bibi Benigna alimshika mikono yote miwili kwenye kaunta ya kituo, akamwomba radhi kwa Kiswahili chake cha sokoni, mbele ya Sajini Omary ambaye ghafla alianza kutafuta kitu chini ya meza. Kwa kuacha lindo Lukmani alipewa onyo. Nyumba haikuguswa.

Datius alipelekwa mahakamani, akakiri, akatozwa faini, akajiuzulu udiwani. Lakini kabla ya kukabidhi kiti alisimama barazani mara ya mwisho, mama yake akiwa ameketi nyuma kwenye benchi la wageni. Alipofika mahali pa kueleza sababu nzito, alikaa chini, na mama akasimama. Hakusema mengi. Alipomaliza, mwenyekiti alivua miwani, akauliza kama yuko mwenye kupinga njia ile iwe ya watu wote, mchana na jioni, na mizigo yao. Hakuwepo.

Siku ya Marehemu Wote Apolinary alitoka misani akapita bustanini. Geti lilikuwa limerudishwa, kwani ni mali ya umma na haliwezi kutupwa, ila kitasa kilikuwa kimeondolewa na maandishi meupe yamefutwa. Lukmani alikuwa amefagia uchochoro mzima. Aliposikia hatua za bibi, alilivuta geti likafunguka lote, akalishikilia hivyo mpaka apite.

"Mama, leo utamwitaje?" aliuliza.

Bibi Benigna alisimama, majani mabichi mkononi.

"Nimekaa usiku mzima nikitafuta," alisema. "Ngoja nimwambie yeye kwanza."

Akaenda chini ya mulamula, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza akaita jina la mwanawe wa kwanza kwa sauti ya kusikika.