Kiti Kilichorudishwa Kimyakimya

Nyumbani kwa kina Sisimizi hakuna kitu kilichohama bila kutangazwa. Ndoo ikiwekwa karibu na mlango, ilitangazwa. Begi la shule likiachwa juu ya kochi, lilitangazwa. Hata kandambili zikivuliwa vibaya, aliyezivua alitakiwa kusema kwa sauti ziko wapi. Ilikuwa hivyo kwa sababu Bibi, mama yake mama, alikuwa haoni. Macho yake yalianza kuingia ukungu Sisimizi akiwa bado anatambaa, na sasa hata taa ikiwashwa mbele ya uso wake hakuijua.

Lakini Bibi hakuwa mtu wa kushikwa mkono. Kila asubuhi, akishamaliza sala yake, alitoka chumbani peke yake na kuvuka sebule kwa kiganja. Kiganja kilipita juu ya kabati la vyombo, kikafuata mgongo wa kochi refu, kikafika kwenye kiti cha mikono ya mbao. Hapo aliegemea kidogo, akavuta pumzi, kisha akanyoosha mkono na kuukuta mlango. Nje kulikuwa na kigoda chake. Alikaa hapo akisalimiana na wapita njia, akiwatambua kwa mlio wa viatu vyao, na kumchokoza fundi seremala mwenye karakana ng'ambo ya barabara.

"Fundi, mbao hiyo bado mbichi," alimwambia kwa kuisikia harufu tu. "Ukimtengenezea mtu mlango, utajikunja kama mkeka."

"Mchumba, usinifukuzie wateja," fundi alijibu huku akiendelea kupiga randa.

Sisimizi alipewa jina hilo kwa sababu hakujua kutulia. Bibi alikuwa na jina lake mwenyewe la kumwitia, mke mwenzangu. Mtoto akirudi kutoka shule, kabla hata hajavua soksi, Bibi humwambia, "Haya, mke mwenzangu, taarifa ya habari." Naye husimama katikati ya sebule kama mtangazaji wa redio na kusoma: begi liko juu ya kochi, ufagio umeegemea kabati, paka ametoka. Bibi huuliza na hali ya hewa. Sisimizi hujibu kwamba Mama bado hajarudi kutoka kwenye kibanda chake cha kushonea, kwa hiyo hali ni shwari. Hapo wote wawili hucheka.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha na mitihani ilikuwa mlangoni. Sisimizi na wenzake watatu walikuwa wakisoma pamoja kila Jumamosi, kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mmoja wao alikuwa msichana mrefu aliyeitwa Twiga, ambaye dada yake aliuza mapazia. Nyumba yao ilikuwa imepambwa upya. Viti havikugusa ukuta. Vilizunguka meza ndogo ya duara, na pembeni palikuwa na mmea wenye majani mapana kama masikio ya tembo.

Siku moja Twiga alipita kwa kina Sisimizi kuazima rula. Alisimama mlangoni akaiangalia sebule, akaona kabati, kochi na kiti vimejipanga ukutani kimoja baada ya kingine. Kesho yake, mbele ya wenzao, alisema kwamba kwa kina Sisimizi viti vimepangwa kama zahanati, bado tu kuitwa namba. Wote walicheka. Sisimizi naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Na zamu ya kwao ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Aliazima jarida la dada yake Twiga. Ndani kulikuwa na kurasa za mitindo ya kupamba nyumba ya kujaribu mwaka ujao. Liliandika kwamba viti vitolewe ukutani, chumba kipate kupumua. Liliandika mengine pia, lakini Sisimizi hakufika huko. Alimwonyesha Mama picha. Mama alikuwa na pini mdomoni, akipima pindo la gauni. Alizitoa pini, akasema viti viachwe vilipo, na kwamba kazi ya viti hivyo Sisimizi mwenyewe anaijua.

Aliijua kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Jumamosi Mama alikwenda kibandani. Baada ya chakula cha mchana Bibi alijinyoosha kitandani kama kawaida yake. Sisimizi alipiga hesabu zake: wenzake waje, waone, wasome, waondoke, naye arudishe kila kitu Bibi akiwa bado amelala. Alijiambia kwamba hakuna haja ya kutangaza kitu kitakachorudi mahali pake. Akakibeba kile kiti cha mikono ya mbao hadi katikati ya chumba. Hakukiburuta, alikibeba, ili kisilie. Mbele yake akaweka kimeza kidogo na juu yake kitambaa cheupe. Kisha akasimama mlangoni kuangalia. Palipendeza, hilo haliwezi kukanwa. Akaenda jikoni kuosha glasi za wageni.

Bibi aliamshwa na kiu. Hakutaka kumsumbua mtoto, akatoka mwenyewe kutafuta maji. Kiganja kikapita juu ya kabati, kikafuata mgongo wa kochi, kikanyooka mbele kuegemea kiti kama kilivyoegemea miaka yote. Hakukuwa na kitu. Sisimizi alisikia kishindo, na glasi ikamponyoka ndani ya beseni.

Alimkuta Bibi sakafuni, ameelekea ukutani, ameshika kiwiko. Hakulia wala hakulalamika. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Mke mwenzangu, nani kahamisha kiti?"

Ukweli ulikuwa mwepesi, maneno mawili tu. Lakini uliposubiriwa, ulimi uligeuka mzito. "Hakuna aliyehamisha kitu, Bibi," Sisimizi alisema. Na wakati akisema hivyo, mikono yake ilikuwa tayari imekinyanyua kiti. Alikirudisha palepale, taratibu, miguu yake minne ikagusa sakafu bila mlio. Akamwinua Bibi, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya ule mkono wa mbao. "Si hiki hapa?"

Bibi alikipapasa kiti kwa muda mrefu, mkono mmoja kisha wa pili, kama mtu anayemkagua mgeni.

"Kweli," alisema. "Kiko palepale." Halafu, chini kwa chini, "Basi ni mimi."

Wenzake walipofika, Sisimizi aliwazuia mlangoni akawaambia Bibi hajisikii vizuri. Twiga alirefusha shingo, akachungulia, akauliza kama zahanati leo imefungwa. Wengine wakacheka. Sisimizi alishangaa kuona neno lile halimchomi tena. Palikuwa na jambo jingine linalochoma, na hilo hakuna aliyelijua ila yeye na Mungu wake.

Jioni Mama aliuliza ilikuwaje. Kabla Sisimizi hajafungua mdomo, Bibi alimjibu mwanawe kwamba amepotea njia ndani ya nyumba. "Kiti kilikuwepo," alisema. "Kichwa ndicho hakikuwepo." Mama akamgeukia Sisimizi, akamuuliza yeye alikuwa wapi. Alijibu kwamba alikuwa jikoni akiosha glasi. Ilikuwa kweli, lakini kweli ya kufunikia uongo ni chungu kuliko uongo wenyewe. Kiwiko kilikandwa kwa maji ya moto na uvimbe ukaanza kushuka. Kichwa hakina pa kukandwa.

Tangu siku hiyo Bibi hakuvuka sebule peke yake. Alikaa kitandani akisubiri ashikwe mkono, hata kwenda msalani. Alipoongozwa alitembea kwa hatua fupifupi, kiganja chake kikielea hewani, kikiogopa kugusa. Sisimizi akirudi kutoka shule alisimama mahali pake pa siku zote, akasubiri kuulizwa habari. Bibi hakuuliza. Alipoanza kusoma mwenyewe kwamba begi liko kwenye kochi, Bibi alimkatiza kwa upole: "Acha tu, mke mwenzangu. Hata ukiniambia nitasahau." Fundi naye aliulizia ng'ambo ya barabara mchumba wake kaenda wapi, na kigoda kilikaa nje peke yake mpaka kuku wakakipanda.

Chakula kilimshinda Sisimizi. Akipiga magoti jioni alimwomba Mungu amponye Bibi, ilhali alijua vizuri kwamba Bibi hana ugonjwa. Akisema amina, uso ulimwaka mbele ya ukuta mtupu.

Kisha Mama alimpigia Mjomba simu. Waliongea kirefu. Mama alimweleza kaka yake kwamba mzee haachiki tena peke yake nyumbani, na kwamba yeye hawezi kufunga kibanda. Kwa Mjomba daima kuna mtu. Wakakubaliana kwamba aje amchukue siku ya mapumziko. Bibi hakupinga. Alisema hataki kuwa mzigo, akaomba tu asisahauliwe kigoda chake.

Sisimizi akatumwa kumkunjia nguo. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kitanda, na Bibi, akidhani yuko peke yake, akaanza kuomba kwa sauti ndogo.

"Mungu wangu, macho uliyachukua, sikunung'unika. Akili niachie hata kidogo, niweze kuwajua watoto wangu."

Gauni lilimponyoka Sisimizi mikononi. Alitoka chumbani. Mama alikuwa sebuleni akimalizia shati kwa mashine ya nyumbani. Sisimizi akasimama katikati, mahali pa mtangazaji.

"Bibi," aliita. "Taarifa ya habari."

Kutoka chumbani Bibi alimkumbusha kwamba habari hazimsaidii tena.

"Hii ni ya Jumamosi ile. Sikuisoma. Kiti cha mikono ya mbao kilihama. Nilikiweka katikati, nikasema nitakirudisha hujaamka. Ulipoanguka nilikirudisha wewe ukiwa bado chini. Halafu nikachukua mkono wako nikauweka juu yake. Hukupotea, Bibi. Mimi ndiye niliyekupoteza."

Mashine ya Mama ilisimama. Randa ya fundi ikasikika kutoka ng'ambo.

"Rudia hapo pa mkono," Bibi alisema.

Sisimizi alirudia. Kila neno lilikuwa kama kuvuliwa nguo mbele za watu.

Kitanda kililia. Bibi akatokea mlangoni mwa chumba, akasimama. Mama aliinuka kumshika, Bibi akamzuia kwa kiganja. Kiganja hicho kikashuka kwenye kabati, kikafuata kochi, kikasita kidogo, kikaegemea kiti. Kisha mlango. Alisimama kizingitini akavuta hewa kwa pua.

"Fundi," aliita, "ile mbao bado mbichi."

"Mchumba, kumbe upo," fundi alijibu, na randa yake ikasimama.

Bibi alicheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko. Alirudi akakaa kwenye kiti, akamwita Sisimizi. Mtoto akaja akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba Bibi angemwona.

"Kuanguka nimekusamehe," Bibi alisema. "Watu huanguka. Hilo la mkono, nipe muda, mke mwenzangu. Mimi naishi kwa taa mbili. Ya kwanza ilizimika kwa mapenzi ya Mungu. Ya pili ni maneno yenu mnaoona. Ulipodanganya, uliizima na hiyo, ukaniacha nikidhani giza linatoka ndani yangu."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alimpa simu, akamwambia ampigie Mjomba mwenyewe na kumweleza kwa nini safari haipo. Hiyo ilikuwa adhabu kali kuliko fimbo. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Nashukuru umesema." Sisimizi alitamani ardhi impasukie.

Siku chache baadaye Bibi alitaka kujua ni mitindo gani hiyo iliyokaribia kumhamisha. Sisimizi alilisoma jarida lote, safari hii bila kuruka ukurasa. Viti kutoka ukutani, Bibi alisema, ni vizuri kwa wenye macho, waendelee navyo. Lakini jarida lilisema pia kwamba mwaka ujao vitambaa vya kugusika ndivyo vitakavyopendwa, vya kukwaruza na vya manyoya, na kwamba meza zisiwe na pembe kali, na kwamba mimea iingie ndani. Bibi akainua kidole. Hayo alitaka kuyajaribu.

Mama alileta vipande vilivyobaki kibandani. Sisimizi ndiye aliyeshona, akajidunga sindano mara nyingi na hakulalamika. Kochi lilivikwa kitambaa kigumu cha kitani, kabati likatandikwa ufumo wa kamba laini, na mikono ya kile kiti ikafungwa mahameli. Fundi alizilainisha pembe za kimeza kwa msasa, akasema hiyo ni mahari. Karibu na mlango uliwekwa mkebe wa mchaichai, ili pua ijue imefika kabla ya mkono.

Kikundi kilipokuja, Twiga aligusa kitu kimoja baada ya kingine, akauliza mtindo huu umetoka wapi. Sisimizi angeweza kujibu kwamba umetoka kwenye jarida. Alimweleza yote, hata la mkono. Twiga alisahau kucheka.

Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kigoda chake, aliwaita wasichana wote wanne. "Wanangu," aliwaambia, "rangi hufifia na mitindo hupita. Kosa ukilisema mapema, linabaki kosa tu. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine wa kumwelemea, na mara nyingi ni yule anayekuamini kuliko wote."

Asubuhi ya Jumatatu Bibi alimaliza sala yake akatoka. Kiganja kilipita kwenye kamba, kikapita kwenye kitani. Kilipofika kwenye mahameli kilisita, kikagusa mara ya kwanza, kikagusa tena, ndipo kikaegemea. Sisimizi alikuwa amesimama karibu na mlango na begi lake mgongoni. Aliuona ule mguso wa pili, uso ukamwaka, akatazama chini.

"Kiko palepale, Bibi," alisema.

"Najua," Bibi alijibu. "Lakini wewe sema tu. Sema kila siku."