Kalunde Alipokataa Kuvuka Namanga

Walijuana siku ya soko, Machakos imefurika watu. Kalunde alikuwa amevaa gauni la manjano na kitambaa chekundu kichwani, amezungukwa na vyondo vya kuuza, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka akasimama mbele yake.

"Samahani dada, naomba nikuulize, kiondo hiki unakiuzaje?"

Kalunde alicheka akashika mbavu. "Wewe si wa hapa! Hapa tunasema, hii ni ngapi?"

Huyo alikuwa Elibariki, mwenye duka la mapambo Arusha. Alinunua vyondo sita. Wiki iliyofuata akarudi kwa vingine sita, na safari ya tatu alikuja akasahau kabisa kununua. Mwaka 2003 wazee wake walipeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa Kikamba, kwa kina Kalunde kule Mwala, naye akawa mke wa mtu. Ila hakuna aliyeacha kazi yake: Kalunde na vyondo vyake katika chumba chake Mumbuni, hapo Machakos, Elibariki na duka lake Arusha. Mapenzi yakaishi kwenye simu.

Yaliishi vizuri mpaka mimba ilipotimiza miezi minane.

"Kipenzi, mama ameshaandaa chumba," Elibariki alisema. "Mtoto wangu azaliwe kwetu."

"Kwenu? Na huku kwetu ni porini?"

"Jamani, sikusema hivyo."

"Umesema mtoto wako. Mimi nimebeba tu, si ndiyo?"

"Haya, zaa unapotaka!"

Kalunde alikata simu, akaizima. Alikuwa amengoja tangu asubuhi kumwambia kwamba Pauline, muuguzi wa kliniki, amempapasa tumbo na kukuta mtoto amelala kingamo, hajaelekeza kichwa chini. Siku tisa zikapita, kiburi kikimtafuna.

Siku ya kumi aliiwasha. Haikupita saa moja, ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, usihangaike na hicho chumba. Mimi mwenyewe Elibariki nilimzalia kwa mama yangu."

"Sasa mbona ananilazimisha, mama?"

"Mimba ile ya kwanza ilipotoka, alikufikia lini?"

"Siku ya tatu."

"Basi. Hajajisamehe mpaka leo. Anataka uwe mahali ambapo akiitwa, anafika."

Kalunde aliketi kitandani, akalia kidogo, akajifuta. Kisha akampigia mumewe.

"Eli, sikiza, usinikatize. Mtoto amelala vibaya. Pauline amekataa nisafiri, na hata angekubali, siwezi kupanga foleni mpakani Namanga na uchungu. Nazaa Machakos. Hiyo nimeamua. Wewe amua utakuwa wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nizae ninapotaka."

"Nilikuwa mjinga, mke wangu. Nafunga duka. Kesho niko hapo."

Akaja kweli, na begi moja na mkungu wa ndizi begani. Kwa wiki tatu alipika mtori wa ndizi hizo, akafua, akaanika nguo mchana kweupe majirani wakimcheka. "Huyu Mtanzania amerogwa!" walisema. "Nimerogwa, ndiyo," aliwajibu, akiendelea kuanika.

Mtoto aligoma kugeuka. Alhamisi saa nne asubuhi daktari akampasua Kalunde, na Elibariki, aliyekuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, akasikia kilio cha kwanza kwa masikio yake mwenyewe. Alipoingia wodini, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Ni msichana," Kalunde alisema kwa sauti ya uchovu. "Anaitwa Aikaeli."

Elibariki aliduwaa. "Jina la mama yangu? Nilidhani mtampa jina la huku kwenu."

"Sisi Wakamba, msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana. Hukuuliza. Mpigie."

Akapiga, kisha akamwekea Kalunde simu sikioni.

"Mama, Aikaeli anakusalimia."

"Aikaeli gani, mwanangu?"

"Aikaeli wa Machakos."

Kigelegele kilichotoka Arusha kiliamsha wodi nzima.